Harika wa Maabara

Ngina alikitambua kitambaa chake kabla ya kumtambua mbuzi.

Kilikuwa kitambaa cha kichwa cha Jumapili, cha zambarau chenye maua ya dhahabu, alichokitafuta asubuhi nzima hadi akaamua kujifunga kingine. Sasa kilikuwa kimefungwa fundo safi shingoni mwa mbuzi mweupe, katikati ya uwanja wa Kang'ethe huko Kiganjo, Thika, mbele ya wakwe watarajiwa wote. Mbuzi alikuwa akitafuna majani ya nepia kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kupokelewa.

"Bedan," Ngina aliita kwa sauti ya chini. "Huyo mbuzi umemtoa wapi?"

Bedan alikuwa ndugu mdogo wa marehemu mume wake, na ndiye aliyesimama kama baba wa Muigai, mwana wa Ngina, katika mambo haya ya posa. Alikuwa ametangulia na wazee na wanyama alfajiri. Ngina na wanawake wenzake walikuwa wamefika sasa hivi na vyondo vyao vya zawadi.

"Nyuma ya nyumba yako," alisema Bedan. "Si wewe uliniambia nichukue mbuzi nyuma ya nyumba?"

"Nilikuambia yule wa kahawia."

"Yule wa kahawia sikio limeraruka. Unataka tulete harika wa sikio moja na nusu? Huyu alikuwa pale pale, mnene, mweupe, hajazaa. Nikasema Mama Muigai amenunua wawili akasahau kuniambia."

"Alikuwa na kamba shingoni, na kibati chenye namba."

"Nikatoa. Mbuzi wa posa anavaa namba kama mfungwa?"

"Na kitambaa changu?"

"Alikuwa amenyolewa shingo upande mmoja," Bedan alisema. "Nikaona haya."

Alikuwa amenyolewa kwa sababu Ngina mwenyewe ndiye aliyemnyoa. Yule hakuwa mbuzi wa kuposea. Alikuwa Namba Nne, mali ya maabara ndogo ya utafiti huko Ruiru, na damu iliyokuwa ikizunguka chini ya kile kitambaa ilikuwa kazi ya miaka miwili.

Ili jambo hili lieleweke, ni lazima mambo mawili yaelezwe, moja la mila na moja la maabara.

La mila ni hili. Kwa Wakikuyu, uchumba hufungwa kwa wanyama wawili: mwati, kondoo jike mchanga, na harika, mbuzi jike mchanga. Wote wawili wawe hawajazaa na wasiwe na kilema. Hawachinjwi. Wanakaa kwa kina msichana kama alama kwamba ameshikwa, na wakirudishwa, hata kama ni kwa bahati mbaya, uchumba umekufa.

La maabara ni refu kidogo. Seli nyeupe za damu, zile askari wa mwili, hazikai mahali pamoja. Nyingine huondoka zikaenda kwenye kidonda au kwenye tezi, zikifuata kemikali kama vile mtu anavyofuata harufu ya nyama choma hadi akajikuta mlangoni mwa hoteli. Kinachonusa ni kitu kidogo kilicho juu ya ngozi ya seli, kinaitwa kipokezi. Seli isiyo nacho haisikii mwito huo, inabaki. Daktari Barasa, mkubwa wa Ngina, alikuwa amepata kipande cha kipokezi hicho kutoka ng'ambo, kikaja kwenye barafu, wakawadunga mbuzi. Mwili wa mbuzi ukiona kitu kigeni hutengeneza kingamwili za kukishika. Ukichukua kingamwili hizo, ukazipaka rangi inayong'aa, ukazimwagia seli za mtu, kila seli yenye pua hiyo itawaka kijani chini ya darubini.

Mbuzi wenzake walidungwa bure, hawakutoa kitu. Namba Nne peke yake ndiye aliyeitika. Kisha mvua za El Nino zikafurika banda la wanyama, na Ngina, ambaye nyumba yake ilikuwa karibu na ilikuwa na ua na majani, akajitolea kumhifadhi. Aliyetakiwa na maabara alikuwa mbuzi jike mchanga, mwenye afya, ambaye hajazaa, asiye na kilema. Kumbe maabara na mila walikuwa wakimtafuta msichana mmoja.

Ngina alitembea hadi pale uwanjani, akajifanya anasifu.

"Mzuri," alimwambia Kang'ethe.

"Ni mzuri sana, muthoni wangu," Kang'ethe alijibu, akimwita mkwe kwa Kikuyu. Alikuwa mzee mrefu, baba wa msichana, fundi wa makochi, mwenye kuchagua maneno. "Na hicho kitambaa, hiyo ni heshima hatujawahi kuona hapa. Hatutakitoa."

*

Jumatatu Ngina alimweleza Daktari Barasa kabla hajavua koti. Hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Alikuwa na diploma ya maabara, watoto watatu, na hakuwa na muda.

"Namba Nne ameenda posa."

Barasa alicheka. Kisha akamtazama usoni, akaacha.

"Ameposwa na nani?"

"Yeye ndiye posa. Shemeji yangu amempeleka Kiganjo kama harika wa Muigai."

"Basi nenda ukamwombe."

"Ukimrudisha mbuzi umerudisha msichana."

"Wapelekee mwingine. Wapelekee hata watatu."

"Daktari, bwana harusi akishamvisha mtu pete, anaweza kumwambia, samahani, hiyo nilikuwa naitumia kazini, chukua hii?"

Barasa alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Damu yake iko kileleni wiki hii. Wiki ijayo inaanza kushuka, na kile kipande tulichomdunga kimekwisha. Wageni wanaotufadhili wanakuja kuona seli zikiwaka. Nitawaonyesha nini? Picha za harusi?" Alijikuna kidevu. "Kwetu Bungoma tunapeleka ng'ombe. Ng'ombe hawezi kuchanganywa na kitu cha maabara."

"Ndiyo maana hamjapata shida hii. Tutamtolea damu huko huko aliko."

"Basi imekwisha. Chukua sindano uende."

Ngina alikuwa ameshafikiria hilo Jumapili wakati wa mahubiri. Mama wa bwana harusi akutwe nyuma ya zizi la wakwe, amepiga magoti, anamchoma harika shingoni. Hakuna lugha ya kulieleza hilo. Kiganjo yote ingejua kabla ya chai ya saa nne kwamba Muigai ametoka nyumba ya wachawi.

"Tutaenda kuomba," alisema. "Kwa adabu, na sukari, na msemaji. Wewe utavaa tai na utanyamaza."

*

Walikwenda Jumanne mchana: Ngina, Muigai, Daktari Barasa na kisanduku cha barafu, na Bedan ndani ya koti la sufu lililofaa baridi ya Julai. Waliketishwa sebuleni, kwenye makochi ambayo Kang'ethe alikuwa ameyatengeneza mwenyewe na hakupenda yakaliwe. Chai ikaletwa. Pembeni, karibu na mlango, aliketi dada mkubwa wa Kang'ethe, Gathoni, ambaye mtaa mzima ulimwita Tata, yaani shangazi.

Tata Gathoni ndiye aliyemlea Wanja, bibi harusi, baada ya mama yake kufa. Neno lake ndilo lililokuwa la mwisho katika nyumba hiyo. Mume wake aliondoka zamani kwenda Nakuru kutafuta spea ya baiskeli, akasema ni kazi, hatarudi kabla ya Ijumaa, na hilo la mwisho lilikuwa kweli kuliko alivyokusudia. Tangu hapo Gathoni hakuwahi kulala nje ya Kiganjo hata siku moja, na alilisema hilo kama watu wengine wanavyosema wameokoka. Muigai hakumpendeza, kwa sababu Muigai alikuwa dereva wa lori, Mombasa hadi Malaba.

Bedan alisimama, akafunga vifungo vya koti.

"Wazee, tulipita hapa Jumamosi tukaona ua, tukaacha alama. Hatujaja kuing'oa, Mungu apishe mbali. Lakini njiani tumeshikwa na kiu. Tunaomba kikombe kimoja tu kutoka kile kisima tulichokiacha hapa."

"Kisima kipi?" aliuliza Kang'ethe.

"Kile cheupe."

"Chenye kitambaa?"

"Hicho."

Kang'ethe alifikiri. "Mnataka maziwa? Si hajazaa?"

Bedan aliitazama kofia yake mikononi. Mababu walikuwa wamemwachia misemo ya pombe, ya asali, ya msichana na ya mbuzi wa kuchoma, lakini hakuna aliyemwachia msemo wa adabu wa kuomba damu ya mnyama aliye hai.

"Ni damu, Baba Wanja," alisema Ngina. "Tunataka damu yake. Kikombe kimoja, leo, kwa sindano, na mbuzi atabaki amesimama anakula."

Halafu akaeleza yote bila kupumua: maabara, banda lililofurika, sikio la yule wa kahawia, pua za seli, rangi ya kijani. Bedan alijifuta jasho. Muigai alichungulia chai yake kama aliyeangusha kitu ndani.

Kang'ethe alijimiminia chai nyingine.

"Kwa hivyo mmetuletea mbuzi aliye na kazi."

"Ndio."

"Ameajiriwa."

"Tuseme hivyo."

"Na hamkusema."

"Bedan hakujua."

"Mimi nilimwona mnene," alisema Bedan.

Kang'ethe hakuonekana kukasirika. Alikuwa akiligeuza jambo hilo kichwani kama kipande cha mbao kizuri. "Mtaa huu wote," alisema taratibu, "hakuna mtu aliyewahi kuletewa harika mwenye kazi."

"Hiyo rangi," alisema Tata Gathoni kutoka mlangoni, na wote wakageuka. "Inaonyesha nini hasa?"

"Seli zinazoweza kuhama, Tata," alijibu Ngina.

"Zinaitwa, zinaondoka."

"Ndio."

"Na zile zisizowaka?"

"Hizo zinakaa."

"Ukichukua damu ya mtu, unaziona zote mbili."

"Tunaziona."

Tata Gathoni aliweka kikombe chini. "Basi mpimeni Muigai. Kama amejaa hizo za kuondoka, tuambiane mapema, mchukue mbuzi wenu na kitambaa chake. Kama ni za kukaa, chukueni damu mnayotaka."

Miaka hiyo ukisema kijana anayeoa apimwe damu, kila mtu alisikia jambo moja tu.

"Hilo mnalofikiria walishapima wote wawili," Ngina alisema. "Mchungaji ana majibu. Hili ni jingine."

"Tata," Muigai alisema, "mimi kuendesha lori ni kazi tu."

"Hata yule wa Nakuru alisema ni kazi."

Daktari Barasa alisahau kwamba alikuwa ameambiwa anyamaze. "Mama, hapo kuna tofauti. Seli kuhama si sawa na mtu kuhama."

"Wewe ni daktari. Mtu ametengenezwa na nini?"

"Na seli."

"Basi," alisema Tata Gathoni.

Barasa alimgeukia Ngina. Ngina alijua sayansi yote iliyotakiwa hapo, na alijua pia kwamba hakuna hata tone lake ambalo lingeingia kupitia mlango ule. Alijua jambo jingine baya zaidi. Mtu yeyote mwenye afya anazo seli za kuhama, na nyingi. Asiye nazo ni mgonjwa. Kijana wake angekutwa ama mtoro ama maiti.

"Tutampima," alisema. "Lakini hatupimi damu moja. Kipimo kisicho na cha kulinganishia ni umbea. Nataka damu ya mtu mwingine, mtu mnayemjua kwamba anakaa."

"Chukua yangu," alisema Tata Gathoni, akaanza kukunja mkono wa sweta.

Muigai na Tata walipokwisha kutolewa damu sebuleni, walimtoa mbuzi yake uani. Kang'ethe alimshika kichwa yeye mwenyewe, akakataa kitambaa kifunguliwe. Kilisogezwa juu kidogo, kama kola. Mbuzi alipewa mashina ya viazi vitamu, hakuinua hata macho.

*

Kuandaa dawa ya rangi kutoka kwenye damu ya mbuzi kulichukua siku kadhaa, na siku hizo Muigai alikuja kwa mama yake kila jioni akachezea chakula. Safari ya Malaba alimpa mwenzake.

"Mama, nikiacha lori?"

"Utafanya nini?"

"Nitauza mitumba Ruiru."

"Wewe huwezi kukaa kwenye kibanda hadi saa sita. Kula."

Asubuhi waliyoalikwa wakwe, Ngina alifika maabara mapema, akafunga mapazia, akaangalia kwenye darubini peke yake. Dawa ilikuwa imekubali. Seli ziliwaka ukingoni, pete za kijani safi katika giza, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuona, na kama isingekuwa ni damu ya mwanawe angeita watu. Za kijani zilikuwa nyingi. Aliweka kioo cha pili, cha kulinganishia, chini ya darubini. Akatazama kwa muda mrefu, akarudi kwenye cha kwanza, kisha tena cha pili.

Bedan aliingia bila kubisha. "Vipi?"

"Ni nyingi."

"Za kuondoka?"

"Za kuondoka."

Bedan alisogea karibu. "Mama Muigai, sikiliza. Hapa nani anajua rangi? Sema za kijani ndizo za kukaa. Neno moja tu. Mtoto anaoa, mbuzi anabaki, tunakula."

Ngina hakujifanya kuwa hakulifikiria. Alikuwa amelifikiria akiwa amesimama pale pale, mkono kwenye darubini. Muigai alikuwa nje, ameegemea ukuta, amevaa shati la kanisani.

"Wiki ijayo nitawaambia wageni wa Barasa kijani ni za kuhama," alisema. "Siwezi kuwa na kijani ya wageni na kijani ya wakwe. Nitajichanganya mwenyewe. Waite."

Waliingia Kang'ethe, Muigai, Daktari Barasa na Tata Gathoni, wakasimama gizani wakipumua. Tata alivua miwani, akainama, akaweka jicho.

"Naona giza."

"Ngoja lizoee."

Akangoja. "Sasa naona. Ni kama Thika taa za stima zikiwaka jioni, ukiwa kule juu shambani." Akasogeza jicho karibu zaidi. "Hizo ndizo zinaondoka?"

"Ndizo hizo."

"Ni nyingi, Mama Muigai."

"Ni nyingi. Sikuja kukudanganya."

Muigai alitazama sakafu. Ngina alibadilisha kioo. "Sasa angalia cha kulinganishia."

Tata Gathoni aliinama tena. Aligeuza kichwa, akajaribu jicho jingine, akarudisha la kwanza. Mle ndani hamkuwa na giza la kutosha kati ya pete na pete.

"Hii ni ya nani?"

"Yako, Tata."

"Umechanganya."

"Sijachanganya. Niliangalia mara tatu."

Kang'ethe alikohoa, akaona afadhali aache. Tata Gathoni alikaa kwenye kiti kirefu cha maabara, miguu haikufika chini, akaikunja mikono mapajani.

"Zimekuwa humo tangu lini?"

"Tangu uzaliwe."

"Na hakuna mtu alinieleza," alisema. "Kila lori likibadilisha gia pale mlimani Kiganjo, kifua kinanipiga. Kila moja. Hata usingizini. Daktari akaniambia ni presha. Nimekunywa dawa ya presha miaka yote hiyo."

Daktari Barasa, aliyekuwa pembeni, aliinua kidole kueleza tofauti ya seli na mtu. Ngina alimtazama, akakishusha.

Hatimaye Tata alivaa miwani, akamgeukia Muigai.

"Zako ni chache kuliko zangu."

"Inaonekana, Tata."

"Na mimi na hizi zote nilikaa. Nilikaa hadi nikaota mizizi. Kwa hivyo hata wewe unaweza kukaa. Usipokaa, tusije tukasingizia damu. Itakuwa ni wewe mwenyewe, na nitakujia na panga."

"Sawa, Tata."

"Mbuzi anabaki Kiganjo," alisema, akashuka kwenye kiti. "Tuleteeni chai, hapa kwenu kuna baridi."

*

Wageni wa ng'ambo walipokuja waliona seli zikiwaka, wakafurahi, wakaahidi kuleta kipande kingine cha kumdunga, wakaomba kumwona mbuzi. Ikabidi wapelekwe Kiganjo, na kila mmoja akanunuliwa kilo mbili za sukari ya kubeba, kwa sababu hakuna anayeingia kwa wakwe mikono mitupu. Kang'ethe aliwapokea kwa hotuba, akamtambulisha harika kama mfanyakazi, akauliza kama kuna likizo. Wakacheka, wakidhani ni mzaha.

Muigai na Wanja walioana mwezi wa Agosti. Jumamosi moja baada ya harusi, Ngina akianika nguo, lori lilisimama nje ya lango lake na kupiga honi. Muigai alikuwa kwenye usukani. Kando yake, juu ya mto wa kochi wa Kang'ethe, alikaa Tata Gathoni na mkoba wa safari mapajani. Kichwani alikuwa amejifunga kitambaa cha zambarau chenye maua ya dhahabu.

"Unaenda wapi, Tata?"

"Mombasa."

"Kuna nini Mombasa?"

"Sijui. Ndiyo maana naenda."

"Hicho kitambaa ni changu."

"Kilikuwa chako. Ukampa mbuzi."

"Na mbuzi amekupa?"

"Mbuzi ana mimba, hana haja na nguo," alisema Tata Gathoni. "Muigai, washa gari. Mama yako ataongea hadi jua lizame."

Lori lilipanda mlima, likabadilisha gia, na kutoka dirishani ulionekana mkono mmoja ukigonga mlango, kama mtu anayeharakisha punda. Ngina alibaki langoni na shati bichi mkononi. Harika ana mimba. Ni kazi ya harika kuzaa, hakuna wa kulaumiwa. Lakini Jumanne ilikuwa siku ya damu nyingine, na mbuzi mjamzito hatolewi kikombe kizima. Ingebidi aombe nusu, na nusu ni ngumu kuomba kuliko kizima.

Alitundika shati, akaenda dukani kununua sukari.